Chakula cha mchana katika mgahawa mdogo wa Kijapani

Ndugu yangu wa Mikindani, umeuliza iwapo mgahawa mdogo wa familia utakufaa kwa chakula cha mchana utakapofika Japani kwa masomo. Nakushauri uanzie huko huko, kwa kuwa mchana migahawa mingi ya aina hiyo huuza teishoku, yaani sinia la wali, supu ya miso (rojo la soya lililochachushwa), achari na kitoweo kimoja, kwa bei nafuu kuliko chakula cha usiku. Agiza samaki aitwaye saba, wa ukoo mmoja na vibua wetu: huchomwa kwa chumvi hadi ngozi ikavimba na kupasuka, kisha huletwa na figili nyeupe iliyokunwa, na kwa mtu wa Mtwara ladha hiyo haitakuwa ngeni hata kidogo. Ikiwa unazingatia halali, uliza kabla ya kuagiza, maana nguruwe huingia hata kwenye supu ya tambi za rameni, na mirini, ambayo ni kileo kitamu cha mchele, hutiwa katika michuzi mingi. Beba fedha taslimu, bahashishi haitolewi. Ukiona kitambaa kimetundikwa mlangoni, ujue wamefungua, lakini wahi, kwani wengi hufunga kuanzia kama saa nane mchana hadi jioni.