Kuthibitisha siku ya usaili kwa barua pepe

Kumtumia mwombaji kazi barua ya kuthibitisha usaili siku moja kabla haitoshi kwa Lamu. Tuma mara mkishakubaliana tarehe, kisha kumbusha siku mbili kabla: anayetoka Mpeketoni ana gari hadi Mokowe halafu boti, na wa Faza au Pate huja kwa boti, na huenda safari ikategemea maji kujaa.

Kwenye kichwa cha barua weka nafasi ya kazi, siku na saa. Saa ndiyo huharibu zaidi. Ukiandika "saa 3" tupu, mmoja ataelewa asubuhi, mwingine saa tisa alasiri, kwa sababu simu yake husoma 3:00. Andika "saa tatu asubuhi (09:00)". Ijumaa usimpangie mtu kati ya saa sita na saa nane mchana, ni wakati wa swala.

Omba jibu la "nitafika" kabla ya saa fulani. Kimya si kukubali; piga simu, huenda barua imeangukia kwenye folda ya taka (spam). Na kila mwombaji atumiwe yake peke yake, wasionane anwani. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya 2019 inawahusu waajiri pia.