Kwa Wanaoanza Kuchunguza Mishipa ya Damu ya Jicho

Mtu anayeanza kazi katika maabara ya jicho kwa kawaida hupewa kwanza kingamwili dhidi ya CD31, yaani kinachonata kwenye protini iitwayo CD31 na kuifanya ing'ae chini ya hadubini. Ni vyema aanze nayo, kwa sababu protini hiyo hukaa juu ya seli zinazotandika ukuta wa ndani wa mishipa ya damu, na picha yake hutoka safi. Shida huja pale anapotaka CD31 ijibu swali isiloliweza. CD31 huonyesha kwamba mshipa upo na umepita wapi, lakini haielezi kama mshipa huo unazuia vitu vilivyomo katika damu au unaviachia vipite. Mishipa ya retina, tabaka la jicho linalopokea mwanga, na mishipa ya koroidi, tabaka lililo nyuma yake, itang'aa mbele yako kwa namna moja, ilhali ya kwanza imefungwa barabara na kapilari (mishipa myembamba kabisa) za ile ya pili zina matundu madogo kama chekeche.

Kwa hiyo, kabla hujagusa chupa ya kingamwili, jifunze vizuizi vyenyewe, yaani kuta zinazozuia vitu kutoka damuni, viko wapi. Katika retina, kizuizi cha ndani kimo katika seli za kapilari, ambazo hushikamana kwa viungo vya kubana na kutegemezwa na perisaiti (seli zinazokumbatia kapilari kwa nje) pamoja na seli za Müller (seli saidizi za retina). Kizuizi cha nje hakimo katika mishipa hata kidogo: koroidi huvuja kwa maumbile yake, na kinachozuia ni ule utando wenye rangi nyeusi ulio kati yake na retina. Sehemu ya mbele ya jicho ina kizuizi chake, kilichoundwa na utando usio na rangi wa mwili wa silia (pete ya tishu iliyo nyuma ya iris) na mishipa ya iris, ile sehemu yenye rangi inayozunguka mboni. Nimewaona wanafunzi hodari wakiandika kwamba kizuizi kimeharibika kwa sababu wamekuta albumini, protini ya damu, katika koroidi, mahali ambapo haikupaswa kukosekana.

Alama inayotenganisha mishipa hiyo vizuri zaidi ni PLVAP, protini inayounda viwambo vya yale matundu ya kapilari. Katika jicho zima la mtu mzima asiye na maradhi, koroidi huwaka na retina hubaki giza. Mishipa ya retina inapoanza kuwaka, kama inavyotokea katika retina iliyoathiriwa na kisukari, una sababu ya kushuku kwamba kizuizi kimelegea. Faida yake kubwa kwa anayejifunza ni kwamba kipande kimoja hubeba shahidi wake chenyewe: koroidi isipowaka, usiseme lolote kuhusu retina iliyo giza, kwa sababu huenda kingamwili haikufanya kazi. GLUT1, msafirishaji wa glukosi, huelekea upande mwingine, kwa kuwa hupatikana kwa wingi katika seli za kapilari za retina na katika utando wenye rangi. Ukitumia jicho la binadamu, kumbuka kwamba chembe nyekundu za damu nazo zimejaa GLUT1, na damu iliyoganda ndani ya mshipa inaweza kukupotosha.

Kosa lililonigharimu zaidi nililifanya kwa isolektini B4, protini inayotumiwa kuonyesha mishipa, ambayo hutolewa katika mbegu za mmea utambaao wa Afrika Magharibi, Griffonia simplicifolia. Kwa wiki kadhaa nilihesabu katika retina za panya vitawi vifupi nilivyoviita mishipa mipya, na idadi ilipanda kwa namna iliyonifurahisha. Vingi havikuwa mishipa. Isolektini hushika pia maikroglia, yaani seli za kinga za retina, na seli hizo zikinyoosha mikono yake pembeni mwa mshipa hufanana kabisa na chipukizi. Nilipoongeza ERG, inayong'arisha viini vya seli za mishipa, sehemu kubwa ya hesabu yangu ilifutika. Tangu hapo sihesabu kitu kilichoonyeshwa na alama moja tu.

Sasa nifike kwenye jambo ninalolisisitiza kuliko mengine. Utapaka kingamwili dhidi ya klaudini-5, protini ya viungo vya kubana, utaona mstari mzuri usiokatika kati ya seli na seli, na utataka kuandika kwamba kizuizi ni kizima. Usiandike. Mwaka 2017, watafiti Brian Chow na Chenghua Gu walionyesha kwamba katika panya wachanga viungo vya kubana vya mishipa ya retina hufanya kazi mapema, na bado kizuizi huvuja, kwa sababu seli zenyewe hubeba shehena ndani ya vifuko kutoka damuni hadi kwenye tishu. Kizuizi hukamilika siku ya 10 hivi baada ya kuzaliwa, usafirishaji huo unapokuwa umezimwa. Protini ya kiungo hueleza hali ya kiungo peke yake.

Uvujaji hupimwa kwa kitu kinachovuja, na ukubwa wa kitu hicho ni sehemu ya swali lako. Rangi iitwayo fluoresini ina uzito wa daltoni 376 (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli), ilhali rangi nyingine, bluu ya Evans, hujishikiza kwa albumini, yenye daltoni zipatazo 66,000. Panya wasio na klaudini-5, walioelezwa mwaka 2003, waliachia molekuli za chini ya daltoni 800 hivi zipenye kwenye ubongo huku kubwa zikizuiwa. Mtu angewapima kwa bluu ya Evans peke yake angesema hawana kasoro.

Andika daftarini muda uliopita tangu kudunga rangi hadi kutoa jicho, tena kwa dakika, na uufuate vilevile kwa kila mnyama. Andika pia kama damu ilisafishwa mwilini, kwa sababu rangi iliyobaki ndani ya mshipa ikikatwa na kisu humwagika juu ya tishu ya jirani, na chini ya hadubini hutaweza kuitofautisha na ile iliyovuja mnyama akiwa hai.