Gari linavuma tangu nibadilishe redio: ninunue maunting?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Morogoro, nina gari la silinda 4 nililoagiza Japani. Nilitoa redio yake ya Kijapani nikafunga ya Android, nikabadilisha spika za milango, nikaongeza amplifaya na sabufa. Tangu siku hiyo, mshale ukiwa kati ya mizunguko 1500 na 2000 kunatokea mvumo mzito unaobana masikio, hata redio nikiizima. Gereji moja wanasema ni maunting za injini, nyingine wanasema ekzosi. Ninunue nini kwanza?

JIBU: Marahaba. Usinunue kitu kwanza. Maunting, yaani raba zinazoshikilia injini, huchoka taratibu, mtikisiko ukaongezeka kidogo kidogo. Hazianzi kuvuma siku redio ilipofungwa. Ninachoshuku ni kwamba mvumo huo unatoka kwenye spika zako mwenyewe.

Magari mengi ya kisasa yana mfumo wa kuzima mvumo wa injini kwa kutumia sauti. Wazo lenyewe ni la zamani: Mjerumani Paul Lueg alipewa hataza yake Marekani mwaka 1936. Kwenye magari, Nissan waliuweka katika Bluebird huko Japani mwanzoni mwa miaka ya 1990, na Honda wakauhitaji sana mwaka 2003 kwenye Inspire, kwa sababu injini yake ya silinda 6 huzima silinda 3 ikiwa haina kazi nzito, na hapo mvumo hubadilika.

Injini yako hulipua mara 2 kila mzunguko. Kwenye mizunguko 1500 kwa dakika hiyo ni milipuko 50 kwa sekunde, yaani mvumo wa Hz 50. Kompyuta ndogo husoma mizunguko ya injini, ikatoa kwenye spika sauti ya Hz hizo hizo iliyogeuzwa, hewa ikisukumwa na injini spika ivute. Ni kama kusimamisha bembea: ukiisukuma inapokujia inatulia, ukiisukuma inapoondoka inazidi kwenda juu. Maikrofoni zilizofichwa darini hupima mvumo uliobaki na kompyuta inajirekebisha. Tazama karibu na taa ya ndani, utaona vitundu vidogo kwenye kitambaa cha dari. Mafundi wengi hudhani ni vya simu tu.

Sasa tatizo. Kiwandani kompyuta hiyo ilifundishwa njia kamili ya sauti kutoka kwake, kupitia amplifaya na spika zile, hadi kwenye maikrofoni. Wewe umebadilisha karibu njia yote. Spika ikiwa imeungwa chanya kwa hasi, sauti ya kuzima inageuka ya kuongeza; zikilingana nguvu, mvumo hupanda kwa desibeli 6. Amplifaya za kidijitali nazo huchelewesha sauti kidogo. Kwenye Hz 50 wimbi moja huchukua milisekunde 20, kwa hiyo ucheleweshaji wa milisekunde 5 tu ni robo ya wimbi. Ukivuka robo, kompyuta inajirekebisha kuelekea upande usiofaa: inasikia mvumo, inaongeza sauti, mvumo unakua, inaongeza tena. Mfumo huu haupiti kwenye kitufe cha redio, ndiyo maana kuizima hakukusaidii.

Hakikisha hivi. Egesha sehemu ya wazi, gia ya P, handibreki juu, vioo vimefungwa. Panda taratibu hadi mizunguko 1500 na 2000, usikilize. Zima gari, chomoa amplifaya zote, ya kiwandani na mpya, ili spika zisipate umeme kabisa, kisha rudia. Kama mvumo hujitokeza barabarani tu, jaribu ukiwa unaendesha, na mtu mwingine awe ndiye anayesikiliza. Spika zikiwa zimekatwa utasikia mvumo wa asili wa injini, huo hauna neno. Ila ule unaobana masikio ukitoweka, umepata jibu. Ukibaki vile vile, rudi kwa hao waliotaja maunting na ekzosi, na wakague pia raba zinazoshikilia ekzosi, maana hukatika na ni za bei ndogo.

Ikithibitika ni spika, mimi ningerudisha spika za milango kwenye amplifaya na waya zake za kiwandani, amplifaya mpya ibaki na sabufa peke yake. Ukitaka kubaki na spika mpya, pima kila moja kwa betri ya volti 1.5: gusisha waya mara moja, koni ikitoka nje, waya uliogusa chanya ya betri ndio chanya ya spika. Hata hivyo sabufa kubwa inaweza kuendelea kuuchanganya mfumo, kwa kuwa besi ya muziki inaangukia kwenye Hz zile zile.

Njia ya pili ni kuuzima mfumo. Mwambie fundi umeme atafute kikompyuta chake kwenye mchoro wa gari lako, asikate waya kwa kubahatisha. Kwenye baadhi ya magari muziki wote unapita humo, ukikichomoa redio inakuwa bubu. Hapo huchomolewa maikrofoni za darini badala yake. Injini haidhuriki kwa lolote. Utasikia tu mvumo ambao awali ulikuwa umefichwa.

Usitarajie mfumo huu uondoe kelele za upepo au kelele kali za matairi. Wimbi la Hz 50 lina urefu wa karibu mita 7, kichwa chako chote kinaenea ndani ya sehemu iliyotulia. Kwenye Hz 1000 ni sentimita 34 tu, ukigeuza shingo umeshatoka. Kelele za chini za barabara zinahitaji vihisi vya mtikisiko karibu na magurudumu, kama Hyundai walivyofanya kwenye Genesis GV80 ya mwaka 2020. Kwa gari lako, kama matairi ndiyo yanakukera, anza na upepo wake na jinsi yalivyolika.