Kiota cha bundi: futa ile alama ya ramani

Ndugu yangu, ifute ile alama ya ramani uliyoiandaa kuonyesha kiota, halafu ndiyo usome. Umeuliza kama huyo bundi uliyemwona kiotani ni babewana, yule bundi wa uso mweupe, au bundi mwingine. Kisha ukasema leo jioni unatuwekea mahali hasa pa kiota "wenzetu waje waone". Usithubutu. Na jina la mtaa uliloandika, mimi silirudii hapa, lifute nalo.

Ni babewana, sina shaka. Uso mweupe wenye umbo la kopa, macho meusi, kichwa hakina vishungi, na sauti ni mkwaruzo mrefu. Angekuwa na vishungi na macho ya manjano, tungezungumza mengine.

Sasa sikiza. Huku Kisauni, Mombasa, kulikuwa na jozi ya babewana kama hao, kwenye dari la nyumba iliyohamwa. Msimamizi wa kundi letu la simu, mtu wa kujiita mtaalamu, alinikazania kwamba taarifa isiyo na mahali hasa si taarifa, watu wataniona mwongo. Nikaweka. Wakaja wenye kamera, wanammulika ndege kwa tochi, wengine wanamchezea mlio wa bundi kwenye simu ili atoke. Majirani wakiona wageni wanalizunguka gofu kila magharibi, wakauliza kuna nini. Wakaambiwa bundi. Na wewe ni mtu wa hapa, wajua bundi akilia juu ya paa watu huanza kungoja msiba. Ikaletwa ngazi, yakaletwa mawe. Makinda walikuwa hata manyoya ya kurukia hawajaota. Nilipompelekea yule msimamizi habari, alinijibu kwamba kumbukumbu ya ndege kuonekana imeshaingia, hilo ndilo muhimu. Mpaka leo nikiliona jina lake damu hunichemka! Kinda amekufa kwa jiwe, yeye anahesabu kumbukumbu. Na mtaa wenyewe umeua ndege aliyekuwa akiwalia panya usiku kucha.

Kinda wa babewana hukaa kiotani karibu miezi miwili kabla ya kuruka. Muda wote huo hana pa kukimbilia. Wewe ukinyamaza miezi hiyo, umepoteza nini?

Wakikudai mahali, wape pentadi, yaani mraba mkubwa wa ramani, si nyumba yenyewe. Kenya Bird Map, mradi wa kuchora ramani ya ndege wa Kenya, imeigawa nchi kwa miraba ya dakika 5 kwa 5 za latitudo na longitudo, yaani kama kilomita 9 kwa 9. Anayetaka kujua babewana wako wapi nchini humo, mraba huo wamtosha. Andika tarehe, saa na idadi. Picha ikate, ibaki ndege tu, ukuta na paa visionekane, na uhakikishe simu haikuhifadhi mahali ndani ya faili, maana wengi husahau hapo. Na akikufuata mtu pembeni kukubembeleza umwelekeze, hata awe rafiki yako, mwambie asubiri mpaka makinda waruke.