Maswali yenu kuhusu ubingwa wa dunia wa ngumi za ridhaa

Mashindano haya yalianza lini? (Msomaji, Tanga)

Agosti 1974, Havana, Kuba. Wengi hushangaa kuwa yalichelewa hivyo, maana Ulaya ilikuwa na ubingwa wake tangu 1925, na chama cha dunia, AIBA, kiliundwa London mwaka 1946. Kabla ya Havana, bondia wa ridhaa aliyetaka kujulikana kuwa ndiye bora duniani alisubiri Olimpiki, basi.

Afrika Mashariki tumewahi kuambulia chochote? (Msomaji, Nakuru)

Tena dhahabu! Inaniuma kwamba vijana wanaojifua leo hawayajui majina haya. Pale pale Havana, Ayub Kalule wa Uganda, bondia wa mkono wa kushoto, alitwaa ubingwa wa kilo 63.5. Stephen Muchoki wa Kenya, kilo 48, alifika fainali akakutana na Jorge Hernández, Mkuba, nyumbani kwao. Akarudi na medali ya fedha.

Mwaka 1976 ikaja Olimpiki ya Montreal. Kenya ikasusia pamoja na nchi nyingi za Afrika, kupinga ziara ya timu ya raga ya New Zealand nchini Afrika Kusini ya makaburu. Uamuzi ulikuwa wa haki, lakini mabondia wa umri wa Muchoki ndio walioulipia. Ikabidi asubiri hadi 1978, mashindano yalipofanyika mara ya pili, Belgrade. Safari hii aliondoka na dhahabu. Kwangu mimi, medali ile ina uzito kuliko nyingi zinazotajwa kila siku.

Nani ameshinda mara nyingi zaidi? (Msomaji, Mwanza)

Kwa wanaume ni Félix Savón wa Kuba, mara sita mfululizo, 1986 hadi 1997. Kwa wanawake, walioanza mashindano yao 2001 huko Scranton, Marekani, Mary Kom wa India naye ana sita.

Ile mashine ya kubonyeza pointi ilitoka wapi? (Msomaji, Mombasa)

Ilitokana na aibu ya Seoul 1988. Kwenye fainali ya Olimpiki, Roy Jones Jr. wa Marekani alirusha ngumi 86 zilizofika, Park Si-hun wa Korea Kusini 32. Majaji watatu kati ya watano wakampa Park. Mwaka uliofuata, kwenye ubingwa wa dunia wa Moscow, majaji wakawekewa vitufe: ili ngumi ihesabiwe, watatu kati ya watano walitakiwa kubonyeza ndani ya sekunde moja. Dhuluma ilipungua, lakini mchezo ukaharibika kwa namna nyingine. Ngumi za tumboni zilipita bila pointi, na mabondia wakageuka wadonoaji, anagusa anakimbia. Mwaka 2013 mfumo ukaachwa, zikaja pointi kumi kwa mshindi wa raundi. Mwaka huohuo wanaume wakavua kinga za kichwa.

Sasa hivi nani anasimamia? (Msomaji, Bujumbura)

AIBA, iliyojiita IBA baadaye, ilinyang'anywa utambuzi na Kamati ya Olimpiki mwaka 2023. Chama kipya, World Boxing, kilipata utambuzi wa muda Februari 2025, na Septemba mwaka huo kikaandaa ubingwa wake wa kwanza, Liverpool.