Anza na shairi la mbwa: kujifunza uandishi kwa Stig Dagerman

Wengi wanaomsoma Stig Dagerman, mwandishi wa Sweden, kwa mara ya kwanza hukimbilia riwaya zake. Wewe unayejifunza kazi ya gazeti, zianze riwaya baadaye. Anza na mashairi mafupi aliyoandikia Arbetaren, gazeti la wafanyakazi wa mrengo wa kisindikali (wanaotaka vyama vya wafanyakazi viendeshe uchumi) huko Sweden. Yanapita elfu moja, mengi yamezaliwa na habari za siku hizo hizo. Riwaya yake ya mwisho ilitoka 1949. Mashairi ya gazeti hayakukoma.

La mwisho lilichapishwa tarehe 5 Novemba 1954, siku moja baada ya kufariki kwake akiwa na miaka 31. Juu yake pana habari fupi: mwenyekiti mmoja wa ustawi wa jamii amechukizwa kuona wanaoishi kwa msaada wakifuga mbwa. Dagerman hamtukani. Anamuunga mkono: kweli, sheria ina mianya, maskini si wangefuga panya tu, panya hawalipiwi kodi! (Mbwa Sweden alilipiwa kodi, ndipo utani unapouma.)

Jaribu hivi. Nakili kauli ya mkubwa neno kwa neno, iweke juu, kisha ikubali kwa beti tatu nne mpaka ijiumbue yenyewe. Anayeanza humtusi msemaji ubeti wa kwanza, na shairi linafia hapo. Au anaisimulia habari ndani ya beti: vina safi, mizani kamili, ladha hakuna. Kusimulia ni kazi ya ule mstari wa juu.

Ukishazoea, soma Tysk höst ("Vuli ya Ujerumani") ya 1947, makala alizoandika baada ya gazeti la Expressen kumtuma Ujerumani vuli ya 1946. Mkewe, Annemarie Götze, alikuwa binti wa wakimbizi wa Kijerumani, kwa hiyo hakuwatazama Wajerumani kama watu wa mbali. Rudia mara mbili pale anapowaeleza waandishi wa kigeni wakiingia vyumba vya chini ya ardhi vilivyojaa maji. Wanaiuliza familia inayoishi humo: enzi za Hitler mliishi vizuri zaidi? Ndiyo. Basi, wanaaga, wanakwenda kuandika kwamba Wajerumani bado ni Wanazi. Aliyejibu amesimama ndani ya maji, ana njaa, na hilo halimo kwenye habari.

Kwa hiyo kwenye daftari lako, kabla ya jibu la mtu, andika miguu yake imekanyaga nini, na leo amekula nini.