Maswali yenu kuhusu rada ya mvua ndani ya ndege

Hiyo rada imefungwa wapi? Kila nikitazama ndege sioni chombo chochote.

Imo puani. Ganda la pua kwa kawaida si la chuma, ni la faibaglasi au kitu cha aina hiyo, ili mawimbi ya redio yapenye. Nyuma yake kuna antena bapa inayopepesa kushoto na kulia. Hutoa mpigo mfupi wa mawimbi, hunyamaza, kisha husikiliza mwangwi. Mvua ikiwa kilomita 150 mbele, mwangwi hurudi baada ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Muda huo ndio unaoonyesha umbali, na nguvu ya mwangwi ndiyo inayochagua rangi: kijani kwa mvua nyepesi, njano kwa ya wastani, nyekundu kwa kubwa.

Basi penye weusi kwenye skrini ni salama kupita?

Hapana, na natamani kila abiria alijue hili. Rada haioni wingu, inaona maji. Matone makubwa na mvua ya mawe iliyolowa hurudisha mawimbi kwa nguvu. Theluji na chembe kavu za barafu hurudisha kidogo mno. Kilele cha wingu la radi kimejaa barafu, kwa hiyo wingu la kutisha laweza kuonekana kama kijani hafifu tu. Ndiyo maana rubani huielekeza antena chini kidogo, apime tumbo la wingu mahali penye maji.

Weusi mwingine ni mbaya zaidi: kivuli. Mvua nzito hunyonya mawimbi yote, na dhoruba iliyo nyuma yake haionekani kabisa. Skrini huonyesha uwazi mahali ambapo hakuna uwazi. Tarehe 4 Aprili 1977 ndege ya Southern Airways, safari namba 242, iliingia katikati ya dhoruba kali huko Georgia, Marekani. Wachunguzi walitaja kutegemea rada ya ndege kupenya dhoruba kuwa miongoni mwa mambo yaliyochangia. Mvua na mawe vilizima injini zote mbili. Marubani walijaribu kutua barabarani, na zaidi ya watu 70 walikufa.

Mbona tulitikiswa vibaya na nje jua lilikuwa linawaka?

Hewa kavu haina matone, na bila matone hakuna mwangwi. Rada za kisasa hupima pia jinsi matone yanavyokwenda mbio mbele na nyuma, hivyo hugundua msukosuko ndani ya mvua. Ule wa anga safi zinaupita bila kuuona.

Rubani anajuaje kuwa wekundu ule ni mvua na si milima?

Swali zuri sana. Mwali wa rada hutanuka kadiri unavyokwenda: wenye upana wa digrii 3.5 hufikia kama kilomita 9 ukiwa umbali wa kilomita 150, hivyo hugusa ardhi kwa urahisi na kuipaka rangi ileile ya mvua. Rubani huinua antena kidogo kidogo huku akiitazama skrini. Ardhi hufifia na kupotea. Kinachobaki ni dhoruba, naye huomba kuikwepa mapema, kwa kilomita 37 au zaidi ikiwa ni kali.